Msimuulize Anamaliza Lini

Hotuba iliyotolewa katika Ngome ya Lamu mbele ya wazazi, walimu na vijana wanaojiandaa kwa masomo ya juu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, maalim wetu, na nyinyi vijana mlioitikia mwito, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja hapa ngomeni jioni hii. Nimeombwa niseme juu ya masomo yanayokuja baada ya digrii ya kwanza: uzamili, ile ambayo wengi twaiita masta, na uzamivu, ndiyo PhD. Walionialika wanataka niwahimize vijana waende. Nitawahimiza. Lakini kwanza nataka kusema na watu wa nyumbani kwao, kwa sababu sisi humsindikiza mtoto mpaka gatini, tukamwombea dua, akapanda boti ya Mokowe, na tangu siku hiyo tukabaki na swali moja tu la kumuuliza: unamaliza lini?

Swali hilo limewaumiza watu ninaowajua kuliko mtihani wowote waliowahi kufanya.

Digrii ya kwanza ina ratiba. Hapa kwetu ni miaka minne kwa masomo mengi: darasa, mtihani, matokeo, na mwanafunzi akijitahidi mwaka unakwenda naye anakwenda nao. Uzamili huanza na masomo ya darasani, kisha unakuja utafiti. Uzamivu kwa vyuo vyetu vingi ni utafiti mwanzo hadi mwisho. Na ukishaingia kwenye utafiti, kalenda si yako tena. Unaandika pendekezo la utafiti, unampelekea msimamizi, yaani mwalimu anayekuongoza, unangoja. Akiridhia unalitetea mbele ya idara, unapewa masahihisho, unarekebisha, unangoja tena. Ikiwa utawahoji watu au kuwapima, kuna kamati ya maadili, nayo ina zamu zake za kukutana. Kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kisha ukifika kaunti unaripoti kwa wakubwa kabla hujamuuliza mtu hata swali moja. Hapo ndipo kazi inaanza. Na siku unapomaliza kuandika tasnifu, ndicho kitabu cha utafiti wako, hujamaliza: inakwenda kwa watahini, mmoja wao wa chuo kingine, na unaweza kukaa miezi hujui iko mezani kwa nani. Kwa uzamivu utatakiwa pia uwe umechapisha makala katika majarida ya kitaaluma, na majarida nayo yanachukua muda wao.

Sasa mtu yuko katikati ya hayo, simu inalia, ni ami yake. "Hujamaliza tu? Na mtoto wa fulani mlianza pamoja!" Amjibu nini? Akisema "nangoja", huku nyumbani inasikika kama uvivu. Basi anasema "karibu, inshallah", na mwaka ujao anasema hivyo hivyo, na mwaka wa tatu anaacha kupokea simu. Nimewaona waliokosa harusi za ndugu zao kwa kukimbia swali hilo tu.

Ninayoyajua baada ya kusoma na kuwasimamia wengine ni haya. Kinachowavunja watu katika masomo haya mara nyingi si ugumu wa kitabu. Vichwa tunavyo, alhamdulillahi. Kinachowavunja ni kungoja, na kungoja peke yao. Na watu wawili wanaweza kutoka mtaa mmoja, wakasoma fani moja, wakarudi na hadithi mbili ambazo hazifanani hata kidogo, kwa sababu ya mambo ambayo hayaandikwi kwenye cheti.

Nianze na msimamizi, na hapa mniwie radhi nikikaa kitambo.

Lamu haikuanza leo kuwasomesha watu masomo ya juu. Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh umepokea wanafunzi wa pwani yote, na wa mbali zaidi ya pwani, kwa zaidi ya miaka 100. Mliosoma darsa mnajua inavyokwenda. Mwanafunzi anakaa mbele ya sheikh na kitabu chake, anasoma. Akikosea irabu anarudishwa papo hapo. Akifika pagumu anauliza, na anajibiwa kitabu kikiwa bado kiko wazi. Kesho anaendelea alipokomea. Ni elimu nzito, ina miaka na mikesha yake, lakini hakuna anayeondoka kwenye darsa bila kujua amefika wapi.

Sasa tazameni upande wa pili. Dada mmoja, simtaji jina, aliandika tasnifu ya uzamili. Akaipiga chapa, akaitia springi, akaipeleka ofisini kwa msimamizi wake. Ilikaa humo muhula mzima na zaidi. Siku aliporudishiwa aliifungua mbele yangu. Kurasa za mwanzo zimejaa wino mwekundu: koma hapa, herufi kubwa pale, alama ya kuuliza pembeni. Ukurasa wa kumi na tisa pana mstari mmoja umeanza katikati ya neno ukashuka hadi chini, na baada ya hapo hamna wino tena. Sura ya matokeo, ile aliyozunguka vijiji vya kisiwa cha Pate kuitafutia majibu, haikuguswa. Hakulia wala hakulalamika. Alizigeuza zile kurasa moja moja mpaka ya mwisho, ahakikishe, kisha akaufunga mfuko wake.

Najua yanayowakuta wasimamizi, nami ni mmoja wao. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka kanuni kwamba mhadhiri wa chuo kikuu awe na shahada ya uzamivu, ikatoa miaka mitano. Wahadhiri wengi wakarudi wao wenyewe kuwa wanafunzi, huku wakiendelea kufundisha. Wenye sifa ya kusimamia ni wachache, na huyo mmoja ana madarasa ya digrii ya kwanza yenye mamia ya watu, ana mitihani ya kusahihisha, na ana foleni ya wanafunzi wa utafiti mlangoni. Ongezeni migomo, kama ya 2017 na 2018, ambapo vyuo vya umma vilisimama kwa majuma. Yote hayo nayakubali. Bado nasema kumshikia mtu kazi yake muhula mzima bila neno ni kumdhulumu, na walimu wenzangu mlioko hapa mnajua kwamba ni dhuluma. Barua ya mistari mitatu, "nimepokea, nitasoma sura mbili kabla ya mwisho wa mwezi", haitaki fedha wala kikao.

Maana iko namna nyingine, na haiko ng'ambo, iko hapa hapa Kenya. Kijana mmoja wa hapa alisoma mikoko. Nyote mnajua kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi hii iko Lamu, kwa hiyo alikuwa anasoma nyumbani kwake. Msimamizi wake aliwakutanisha wanafunzi wake wote siku moja kila wiki, chumba kimoja, kila mtu na alichoandika hata kiwe ukurasa mmoja. Mwenye kukwama alisema amekwama mbele ya wenzake. Walisomeana kazi, walikopeshana vifaa, wakati wa maji kupwa walikwenda matopeni pamoja. Ukimuuliza leo, atakwambia ile ilikuwa miaka mizuri kuliko yote ya maisha yake. Ada alilipa kama yule dada, fomu alijaza zile zile.

Ndiyo maana nawaambia vijana: kabla hujachagua chuo kwa jina lake, mtafute mwanafunzi anayesimamiwa na yule mwalimu sasa hivi. Muulize, ukimpelekea sura, hurudi baada ya muda gani? Jibu lake litakufaa kuliko kijitabu chochote chenye picha za majengo.

Jambo la pili ni anayelipa. Hapa kwetu wanaosoma uzamili wengi ni watu wazima wenye kazi: walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti. Wanalipa kwa mshahara, au kwa mkopo, au kwa shamba la minazi la baba. Mwenye kulipa hivyo, kila muhula unaopita akingoja majibu una bei yake, kwa kuwa ada haingoji. Asipolipa hasajiliwi, asiposajiliwa kazi yake haisomwi. Hivyo ndivyo mtu anavyozungushwa: hana pesa kwa sababu amechelewa, na anachelewa kwa sababu hana pesa.

Anayekwenda ng'ambo naye ana yake, na hapa watu wa nyumbani tunakosea sana. Tunasikia kijana amepata skolashipu Marekani, tunadhani amepata kazi. Uzamivu wa Marekani ni safari ndefu, mara nyingi miaka mitano, sita au zaidi. Miaka ya kwanza ni darasani, kisha unakuja mtihani mkubwa wa kufuzu, na asiyeupita huenda akaondolewa, kisha ndiyo utafiti. Muda wote huo anasaidia kufundisha au anafanya kazi kwenye maabara, na posho anayopewa ni ya kumweka hai katika mji wa bei ghali. Kwa viza ya kawaida ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na kwa kawaida iwe ni kazi ya pale pale chuoni. Mke au mume aliyemfuata kwa viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Posho ile ikigeuzwa shilingi inaonekana nyingi, na sisi huku twaihesabu kwa shilingi: paa la nyumba, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi. Yeye anaihesabu kwa kodi ya chumba. Mmoja aliniambia alikuwa akituma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, kisha anakwenda kwenye semina za idara jioni kwa sababu semina zina chakula.

Uingereza uzamivu ni miaka mitatu hadi minne, hakuna madarasa mengi. Unaachiwa wewe, mada yako na msimamizi wako, na kwa mtu aliyezoea baraza, ukimya ule ni mtihani wa pekee. Masta ya darasani huko ni mwaka mmoja tu. Ni mfupi, lakini tangu Januari 2024 mwanafunzi mgeni wa masta ya namna hiyo kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mume wala watoto wake. Mama mwenye mtoto mchanga anayepewa nafasi hiyo leo anaambiwa achague. Wanaokwenda Uturuki kwa ufadhili wa serikali yake huanza kwa mwaka wa kujifunza Kituruki, na mwaka huo nyumbani tusiuhesabu kuwa ni wa kupotea.

Na kuna Sudan. Vijana wa pwani wamesoma Khartoum kwa miaka mingi, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilianza ndani ya mji wenyewe. Wanafunzi wa Kenya waliondolewa kwa mabasi na ndege, na wengi walitoka na walichoweza kubeba. Fikirieni mtu aliyebakisha utetezi tu, msimamizi wake amekimbilia nchi asiyoijua, rekodi zake ziko katika ofisi isiyofikika. Mtu huyo amekaa nasi hapa, ananunua samaki soko lile lile tunalonunua sisi. Anayemwambia kwamba alishindwa kumaliza amtake radhi.

Sasa nyumbani. Hapa nasema na wanaume, na nasema na mama zetu pia.

Mwanamke wa Lamu anayesoma uzamili bila kuacha nyumba yake ana kazi tatu: ya mshahara, ya nyumba, na ya masomo, na hiyo ya tatu ndiyo inayopewa saa zilizobaki. Ninaye mmoja machoni mwangu. Mwalimu wa sekondari. Anapotakiwa chuoni Kilifi huvuka kwenda Mokowe alfajiri, akapanda basi, Hindi, Witu, Garsen, Malindi, na vizuizi vya polisi njiani vya kushuka na kuonyesha vitambulisho. Anapokuwa nyumbani huandika saa tisa za usiku. Anatandika mswala, anasali rakaa zake, kisha anakaa pale pale chini na kompyuta juu ya kiti kidogo cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, alichokigeuza meza, ili mwanga usimwamshe mtoto. Stima ikikatika, anaandika mpaka betri iishe. Adhana ya alfajiri ndiyo kengele yake ya kusimama. Saa moja yuko shuleni. Na mtu huyu huyu, akichelewa, anaambiwa na jamaa, cheti kingine cha nini na mume unaye?

Aliyemwokoa ni mama mkwe wake. Bibi ambaye hakukaa kwenye dawati la shule maisha yake alisema, "Watoto waleteni kwangu Alkhamisi baada ya alasiri, mtawachukua Ijumaa baada ya Isha." Hakusema zaidi. Kila wiki, mpaka tasnifu ikafungwa. Nimewahi kukaa kwenye kamati za ufadhili, na sijaona mfadhili aliyetoa kitu cha thamani kuliko zile saa.

Kuna jingine dogo la hapa kwetu, nitalipita upesi. Wageni wamekuja Lamu tangu zamani kutafuta shahada. Wamechimba magofu ya mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, wamepima milango yetu, wamerekodi nyimbo za bibi zetu, na tumewapa kahawa na halua na tumewajibu kila swali. Mzaliwa wa Lamu, marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na bingwa wa Kiswahili, aliwafunza maprofesa wa nchi nyingi. Hayo ni mema, na tuyaendeleze. Lakini mtoto wetu akija na daftari lake anaambiwa, "Wewe wauliza nini, na haya wayajua?" Shangazi anamjibu nusu, kisha anamtuma dukani. Wazee, mpeni naye kiti. Maswali yake ameyaandika kwa mpangilio, na jibu la nusu linamrudisha mwezi nyuma.

Niseme na la ugonjwa, kwa kuwa hatulisemi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi wa wanafunzi 3,659 wa uzamivu huko Flanders. Nusu yao walikuwa na dalili za msongo wa mawazo, na thuluthi moja walikuwa katika hatari ya kupata maradhi ya akili kama sonona. Walipotafuta yanayohusiana na hali hiyo, walikuta mgongano wa kazi na familia, uzito wa majukumu, na namna msimamizi anavyoongoza. Mnaona? Hao ni watu wa nchi tajiri, yenye umeme usiokatika, na bado yaliyowaumiza ni yale yale ninayowaeleza.

Basi mkiona mtu wenu halali, au analala mchana kutwa, hafungui barua pepe za chuo, anabadilisha mazungumzo kila anapoulizwa, anakonda, msiseme amepuuza, wala msiseme amerogwa mkaishia hapo. Msomeeni ruqya, ni haki yake, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali akamwone daktari. Yote mawili. Ikibidi aahirishe masomo mwaka mmoja, aahirishe. Vyuo vina utaratibu wa hilo na si aibu. Na akiamua kuacha kabisa, arudi nyumbani kama mtu anavyorudi nyumbani. Wako walioacha wakawa watu wa maana kabisa katika mji huu, na mnawajua.

Mkitaka kumuuliza, muulizeni hivi: msimamizi amekujibu? Wiki hii umeandika nini? Nikuchukulie watoto siku gani? Atashangaa mara ya kwanza. Mara ya pili atakueleza.

Nimalizie na maombi mawili ya kutendeka. Ngome hii ina maktaba. Naomba wanaohusika na maktaba, pamoja na kaunti, wakae watazame kama inaweza kuwa wazi baada ya Isha kwa siku chache za wiki, iwe na intaneti ya kutegemewa na betri za sola za kushika taa stima inapokatika. Na iwe na upande wa akina mama, na pembe ya watoto kulala. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya mahafali.

La pili ni lenu, mnaoandika sasa hivi. Nawajua baadhi yenu, na najua kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyekwama. Yupo mwenzenu hapa Mkomani na mwengine Langoni, wameandika mwaka mzima mtaa wa pili na wa tatu na hawajawahi kukutana. Tukimaliza msiondoke. Nina daftari hapa, andikeni jina, fani, na sura mliyofikia. Aliye kwenye pendekezo aandike pendekezo, asione haya. Jumamosi baada ya alasiri tutakutana nyumbani kwangu, kila mtu na kurasa zake, na kila kitakacholetwa kitasomwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.